Vya Presha, vya Goti na vya Akili

Jumatatu, 3 Machi

Kazi kama kawaida. Maji yanachemka, bakuli nyeupe zimepangwa kwenye meza ndefu ya chumba cha kuonjea. Navuta chai kwa kijiko, natema, naandika. Bwana Mutai, supavaiza wetu, anaonja nyuma yangu. Leo tulikubaliana karibu kila bakuli.

Nimeanza kidonge cha presha. Dispensari walinipima Ijumaa wakasema iko juu. Kinatoa maji mwilini. Nimekimbilia choo mpaka wenzangu wakacheka.

Daktari aliniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi alikaa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, ananitazama moja kwa moja. Nikasema hakuna.

Ipo. Lithiamu, asubuhi na jioni, tangu binti yangu Cherop azaliwe, na sasa Cherop yuko gredi ya sita. Ni dawa ya akili. Ndiyo inayonishikilia. Hapa Merigi wanaojua ni mume wangu Kiplang'at na mama yake. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeteleza kwenye ngazi za kiwanda. Goti limevimba kama kiazi. Mwenye kemisti sokoni kanipa vidonge vya maumivu, kutwa mara mbili, baada ya chakula. Hakuuliza kitu. Nami sikusema kitu.

Vinafanya kazi lakini. Jioni nimepanda kilima cha nyumbani bila kuchechemea.

Jumapili, 9 Machi

Kiu. Nakunywa maji, nakunywa tena, kiu iko palepale.

Kanisani kitabu cha nyimbo kilitetemeka mkononi. Nikakiweka kwenye benchi nikaimba bila kitabu. Cherop aliona.

Jumanne, 11 Machi

Kila bakuli ina ladha ya chuma. Kama nimenyonya ufunguo. Niliandika kwamba majani ya zamu ya asubuhi yana kasoro. Bwana Mutai akaonja upya. Akarudia.

“Mama Cherop, hii chai ni safi.”

Alisema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikachukua kijiko ili nionje tena. Kikagonga bakuli, ting ting ting.

Miaka yote hii ulimi wangu haujanidanganya. Nilienda choo nikasugua mdomo kwa maji na chumvi. Chuma bado.

Jumatano, 12 Machi

Nimetapika mara mbili kabla ya kwenda kazini. Tumbo linaendesha. Kiplang'at akauliza kama nina mimba. Alikuwa karibu kufurahi. Sina.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema: naogopa kwamba ule ugonjwa wa akili umerudi.

Nilipomzaa Cherop sikulala wiki nzima. Nilikuwa naongea bila kupumua. Nilisikia michai ikiitana majina. Siku moja nikambeba mtoto kwenye mvua, nikashika barabara kwenda kwetu Nyakach kwa miguu, miguu yenyewe mitupu. Walitukuta tumelowa chapachapa. Mama mkwe ndiye aliyemtoa mtoto mikononi mwangu. Hatukuwahi kuizungumzia siku ile, mimi na yeye. Watoto wa boma humwita Kogo, nyanya, na mimi pia. Namheshimu. Namwogopa kuliko wote. Akijua kwamba umerudi, atamchukua Cherop, na hakuna atakayemlaumu.

Alhamisi, 13 Machi

Ulimi mzito. Asubuhi nimesema “bakuli” ikatoka kitu kingine. Mmoja akacheka, wengine hawakucheka, na hao ndio walioniumiza.

Bwana Mutai akanikaribia akidai anatafuta kalamu. Alikuwa ananinusa.

Akanitoa nje. “Nenda nyumbani upumzike. Ukipata nafuu tutaongea.” Mlinzi wa geti alinifungulia bila kunisalimia. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu.

Wanafikiri nakunywa. Njiani nilitamani iwe hivyo. Mlevi watu humcheka, kesho yake wakamsalimia. Mwendawazimu humsalimia kwa mbali maisha yake yote.

Ijumaa, 14 Machi

Umerudi. Nina hakika sasa. Mikono miwili inatetemeka, na kichwa kimejaa pamba.

Nimeongeza lithiamu. Viwili badala ya kimoja, asubuhi, na jioni vilevile. Ni lazima niuzuie kabla haujafika mlangoni. Cha presha nimemeza. Cha goti pia. Kila kimoja na kazi yake.

Kiplang'at anaongea nami kwa upole. Upole huo unanitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Miguu imenikataa. Nimeanguka karibu na zizi. Ng'ombe alinitazama. Nilitambaa.

Cherop analia nyuma ya nyumba. Anafikiri sisikii. Nani atamsuka.

Jumamosi. Nimeshaandika Jumamosi.

Kiplang'at anataka wazee wa kanisa waje waniombee hapa nyumbani. Watajua. Wote watajua.

Nimemeza? Sikumbuki kama nimemeza. Nimeze tena

Kogo amekuja. Nasikia viatu vyake

Alhamisi, 20 Machi

Hospitali, Kericho. Naandika polepole, herufi kubwa kama za mtoto. Nataka kuliweka sawa kabla halijanipotea.

Siku ile Kogo aliingia chumbani akakaa kitandani kwangu. Hakuniuliza chochote. Alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyomtazama ndama mgonjwa. Kisha akamwita mwanawe. Haya nayakumbuka, ingawa mengine yametoweka.

“Ule ugonjwa wake naujua mimi,” akasema. “Alikuwa halali. Alikuwa anaongea kama mto. Huyu analala tu na mdomo hautoi neno. Huu si ule. Tafuta gari.”

Kiplang'at akasema wazee wa kanisa wako njiani.

“Watuombee tukienda.”

Hivyo nilikuja. Nimelazwa kwenye gari, kichwa kwenye mapaja ya mtu niliyekuwa namkimbia.

Daktari ni mwanamke, kijana kuliko nilivyotarajia. Alifunga mlango kabla ya kuuliza. Unameza nini? Kila kitu, hata cha kuazima. Kogo alikuwa amekaa palepale. Nilimtazama, akatazama ukuta ili nipate nafasi. Nikasema vyote, kwa ulimi wangu mzito. Lithiamu. Cha presha. Cha goti. Ilinibidi nirudie kila neno ndipo likaeleweka.

Daktari aliacha kuandika niliposema cha goti.

Alinieleza baadaye, maji ya dripu yakiingia. Kila kidonge kilikuwa kizuri peke yake. Lakini kile cha presha na kile cha maumivu, vikikutana na lithiamu, vinazuia figo kuitoa. Ikabaki mwilini ikapanda kila siku. Kisha mimi mwenyewe nikaiongeza. Kutetemeka, chuma mdomoni, kutapika, miguu: hiyo yote ni sumu. Akili yangu ilikuwa salama muda wote.

Alisema tungechelewa kidogo tu. Hakumaliza sentensi.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kiasi. Lakini wamesimamisha dawa zote mpaka damu isafike na figo zipone, na sasa hakuna kinachonishikilia. Woga umegeuka ukaja kwa mlango mwingine. Mawazo yakikimbia kidogo, najipeleleza. Nikicheka na mgonjwa wa kitanda cha pili, najiuliza kama nimecheka kupita kiasi.

Jumamosi, 22 Machi

Daktari wa akili amenitembelea. Atanianzishia tena, kidogo kidogo, na damu ipimwe.

Kogo ameleta uji kwenye chupa. Akanilisha kwa sababu kikombe bado kinanishinda. Ghafla nikamwambia nilichokuwa naogopa. Kwamba angemchukua Cherop, kama siku ile ya mvua.

Alikoroga uji.

“Siku ile sikukunyang'anya mtoto,” akasema. “Ulikuwa umechoka. Nilimbeba tu.”

Akafuta mdomo wangu kwa leso yake akaendelea na uji.

Jumatatu, 31 Machi

Nyumbani. Lithiamu imerudi, kipimo kidogo. Presha nimepewa dawa nyingine, isiyogombana nayo. Goti ni kitambaa cha maji ya moto na panadol, basi. Damu nitapimwa tena wiki ijayo, na tena, na tena.

Nimeenda kiwandani. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri: taifodi. Nikafika mbele ya Bwana Mutai, uongo ukakataa kutoka. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na jina la ugonjwa.

Alizungusha kalamu mezani. Akasema, “Pole. Nilifikiri ni kitu kingine.” Hakutaja kitu chenyewe.

Chumba cha kuonjea kisubiri mpaka mkono utulie. Kwa sasa nitakaa stoo ya kupakia. Sijui “kwa sasa” ni muda gani. Daktari naye hajui kama mkono utatulia kabisa. Nilimuuliza mara mbili. Kwa wengine hutulia, akasema.

Wenzangu watajua kabla ya mwezi kuisha. Najua jinsi habari zinavyotembea pale. Nimelala vibaya nikiwaza. Kulala vibaya kukanitisha zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Majirani mahindi yao yameshaota. Sisi tumechelewa kwa sababu yangu. Leo tumepanda.

Kiplang'at anachimba mashimo, mimi nafuata na mbegu. Cherop na Kogo wanafukia kwa miguu. Mkono bado unatetemeka. Shimo moja linapata mbegu mbili, lingine nne, lingine tano. Nikamwita Kiplang'at aone.

Akaegemea jembe akatazama mstari wote.

“Acha tu,” akasema. “Zikiota tutapunguza.”

Tukaendelea. Tulimaliza kipande cha juu, mvua ikaanza, tukaingia ndani.