Kibanda Kisicho na Mwenyewe

Chome, Same
14 Agosti 1994

Kaka yangu mpendwa Eliufoo,

Shikamoo. Huku Chome tumeamka salama, na baridi ndiyo ile ile unayoijua. Mama anakohoa, ila akiulizwa anasema ni moshi wa jikoni. Je, wewe u mzima? Natumaini huko karakana bado hawajalifikia jina lako katika kupunguza watu.

Uliniuliza habari za ule mradi wa chuo kikuu wa kulea wafanyabiashara wapya. Kaka, mradi huo umenichosha. Kila Jumatatu nateremka Same juu ya lori la ndizi, nakaa darasani na Sefu muuza mitumba na Honorata wa mikate, na Bwana Rogers, mwalimu wetu kutoka chuoni, anatueleza kwamba zama za kuingoja serikali zimekwisha. Sawa, nimesikia. Angalau alilipenda wazo langu la kukausha tangawizi na kuisaga, badala ya kuiuza mbichi kwa bei ya kutupa. Aliniahidi mashine kwa sharti moja, kwamba niwe na kibanda imara cha mawe, na kiwe changu mwenyewe.

Kosa langu ni kumweleza mama. Sikumwomba kitu, nilimwambia tu. Akaenda kwa mzee Eliamini, mzee akapiga pembe ya kuwaita watu, na asubuhi nikakuta msaragambo umejaa uani, kijiji kizima kimekuja kwa kazi ya pamoja. Wanaume walibeba mawe, wanawake wakakanyaga udongo na kupika makande, na kibanda kikasimama huku mimi nazunguka tu kama mgeni.

Bwana Rogers alipokuja kukagua alifurahi sana, mpaka alipouliza kibanda ni cha nani. Mzee Eliamini akajibu kwamba ni chetu. Bwana Rogers akamgeukia jirani yetu Leticia, naye akasema ni chetu. Niliposema ni changu, walicheka wote, wakaniuliza nimejifunza wapi uchoyo huo. Bwana Rogers akasema chuo kinalea mfanyabiashara, hakilei kijiji, na kama hadi mwisho wa mwezi kibanda hakijapata mwenyewe, mashine atapewa Sefu. Sefu, kaka, ambaye tangawizi anaijua kwenye chai tu! Mzee Eliamini naye ananituliza kwamba mashine ikija itakuwa yetu pia, na mimi nitashika ufunguo. Wamenichosha wote wawili. Nililia kwa hasira, nasema kweli.

Sasa naomba ukae chini. Sijakwambia mawe yalitoka wapi. Ni yale yako, uliyochongesha kwa ajili ya nyumba yako na Veneranda, na kibanda kimesimama pale pale kiwanjani kwako. Mama aliwaambia watu wayachukue, wakadhani umeyatoa kwa ajili ya wote. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwatazama, na neno langu moja lingewazuia. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka ile mashine. Mama anasema utafurahi. Mimi nakujua, hutafurahi, na una haki.

Lakini mzee Eliamini amekiri mwenyewe kwamba ukisema hukuyatoa, basi kibanda ni chako, kwa kuwa mtu hanyang'anywi mawe yake. Kwa hiyo Chome nzima ni wewe peke yako unayeweza kunipa. Nakuomba umwandikie Bwana Rogers kwamba kibanda ni chako na umenipa mimi, mdogo wako. Najua nakuomba nyumba yako. Tangawizi ikinilipa, mawe ya kwanza nitakayonunua yatakuwa ya kwako.

Ukikataa, niandikie bila kunionea aibu. Nitakibomoa mwenyewe, jiwe kwa jiwe, niyapange pale ulipoyaacha. Safari hiyo hakuna atakayepiga pembe.

Mama anakusalimu sana. Mfikishie Veneranda salamu zangu, ila habari ya mawe mwambie wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Raheli