Anayeonja Kwanza

Qurum, Maskati
9 Novemba

Kwa Baba mpendwa, Ta Simoni,

Shikamoo Baba. Nauliza kwanza habari za goti lako, halafu za kahawa, halafu za yule mbuzi wa Mama aliyekataa kunyonyesha. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho nisichokielewa.

Nilikwambia kwenye simu kwamba hotelini wamenitoa chumba cha kufulia na kunipeleka mgahawani. Sikukwambia kuwa kazi yenyewe ni kuhudumia divai. Wenyewe hapa huiita waini, lakini mimi kila nikishika chupa naona altare, nusura nipige goti. Anayetufundisha ni Loay, Mlebanoni mwenye subira. Alisema chupa nyingine huitwa kwa jina la zabibu zake, nyingine kwa jina la kijiji zilikolimwa, na mgeni akitaja kijiji nisimuulize ni zabibu gani, nitaonekana mshamba. Nikamwambia basi ni kama sisi tuseme leo tumekula Kamachumu, badala ya kusema tumekula ndizi. Akasema ndivyo hasa. Nikazidi kupotea.

Akasema pia kwamba kabla ya kujaza glasi lazima ionjwe kidogo. Hilo nilidhani nalijua tangu utoto, kwa hiyo sikusikiliza vizuri.

Jumatatu mchana nikapewa meza ya mzee mmoja Mfaransa na wanawe. Nilimwonyesha jina la chupa, nikaizibua, nikamimina kidogo kwenye glasi yake. Kisha nikaichukua nikanywa mwenyewe, nikasimama kidogo waone sijaanguka, nikamrudishia. Kumbe kwao anayeonja ni mgeni, aone kama divai haijaharibika. Mpaka leo sielewi mgeni anawezaje kunywa kwanza, kwa imani gani.

Nikaitwa ofisini kwa Nasriya, Muomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, msimamizi wa wafanyakazi. Akasema yeye kitu hicho hata harufu yake haijui, lakini nina kazi ya kumweleza nimeinywaje divai ya mgeni. Nikamweleza kwamba kwetu anayeleta lubisi, pombe ya ndizi, huionja mbele ya mgeni, ajue haina sumu. Akamwita yule mzee, akamtafsiria. Mzee akasema amekunywa divai miaka hamsini na hakuna aliyewahi kumjali hivyo. Akaomba nisifukuzwe, na alipoondoka akaniachia chupa ya zawadi. Imefungiwa kabatini kwa Loay, maana siruhusiwi kutoka nayo getini bila kibali, Nasriya haigusi, na jina lake siwezi kulitamka. Sijui ni zawadi gani hii.

Lakini lililonivuruga si hilo. Nasriya aliniuliza nani alinifundisha kuonja. Nikasema ni Baba yangu, nikalia mpaka akafunga mlango.

Wakati ule Baba Mkubwa Benedict alipokunywa lubisi kwetu na kufariki kesho yake, wazee waliniuliza mbele ya Sista kama nilimwonjea. Nilikuwa na miaka tisa, komunyo ya kwanza ilikuwa Jumapili hiyo, na Sista alikuwa ametuapisha tusiguse pombe. Nikasema sikuonja. Tangu hapo hakuna aliyekunywa kwako. Mama Mkubwa Winifrida, mjane wake, anapita mlangoni kwetu akiangalia pembeni, na mtumbwi wako wa kukamulia ndizi umelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake.

Nilionja, Baba. Nilikunywa mafunda mawili kwenye kibuyu kilekile alichokunywa yeye, na nikalala vizuri. Nisamehe. Wewe ndiye uliyenipa kibuyu, uliniona nikimeza, na mbele ya wazee wote hukunisuta. Nilipokea komunyo huku jina lako limechafuka, na bado sielewi kwa nini ulinyamaza.

Mpelekee Mama Mkubwa barua hii, aisome mbele ya wazee. Kisha geuza mtumbwi, ukamue. Nakuja likizo Desemba, na safari hii nitaonja mbele yao wote.

Msalimie Mama na mbuzi wake, na Padre usimwambie habari ya altare.

Ni mimi mwanao,
Evodia