Aliyekula Dang'a ya Ndama

Jumanne, baada ya ugali

Leo nimekamatwa, na aliyenikamata ni daftari langu mwenyewe.

Kikundi chetu cha ng'ombe wa maziwa kilinipa kazi ya kuandika ndama wanaokufa, eti nina mwandiko mzuri. Mimi niliyeishia darasa la nne! Kwenye sababu ya kifo wenzangu husema niandike "mapenzi ya Mungu", nami huandika. Mungu hajawahi kuja kubisha.

Leo bibi mifugo, binti mtaalamu wa ng'ombe, kaja na bodaboda kutoka Mbinga mjini, akafungua ukurasa wa ndama wangu aliyekufa juzi.

"Shikamoo babu. Mungu ndiye anaua wote hawa? Mimi nataka sababu yenyewe: kuhara, kichomi, kupe au ajali. Wako alikufaje?"

"Marahaba. Alihara, mjukuu wangu."

"Alinyonya dang'a siku ile ya kwanza?"

Nikatazama migomba. Mke wangu akajibu kutoka jikoni: "Babu yako aliyachemsha maziwa hayo yakaganda, akayala kwa chumvi. Na sufuria akalamba!"

Nyumbani kwetu maziwa ya kwanza ni ya mzee, tangu enzi za baba. Kumbe, kwa maelezo ya bibi mifugo, ndiyo kinga ya ndama dhidi ya magonjwa. Nilicheka, lakini iliniuma. Ndama yule alikuwa jike.

Nimefuta Mungu, nikaandika: "Kuhara. Alinyimwa dang'a. Aliyekula ni mwandishi."

Jioni hii ng'ombe wangu wa pili kazaa. Ndama kanyonya mpaka tumbo limekuwa ngoma. Mke wangu alisimama mlangoni mwa banda na mwiko, akinilinda mimi nisisogee na sufuria.