Msimzimie Taa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiona kabisa sura yako ulipoutambua mwandiko huu. Umeigeuza bahasha mbele na nyuma, umetazama kama shemeji yuko karibu, kisha umesema kwa sauti, huyu naye anataka nini tena. Kabla sijakwambia ninachotaka, niambie kwanza goti linaendeleaje. Bado unapanda ngazi za shule huku umeshika ukuta? Na wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo ameshaota meno ya mbele, au bado anaongea kwa upepo? Shemeji naye namwombea afya njema, na nasema hivyo bila kejeli. Mimi ni mzima, kinyume na ulivyowahi kuambiwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yangu huipokei tangu msimu wa ligi ulipokwisha. Tena mimi na simu hatuaminiani siku hizi, na utaona kwa nini. Shangazi ameniambia umepeleka malalamiko kwenye ofisi ya magari ya wagonjwa, kuhusu mhudumu aliyeshika simu ukimlilia naye akakaa kimya kama gogo. Anasema umeapa hutatulia mpaka mtu huyo afukuzwe kazi. Barua hii inamhusu yeye. Nivumilie nianze mwanzo, maana nikikurukia nalo moja kwa moja utaichana kabla hujafika chini.

Sipendi kurudia habari ya penalti, lakini bila penalti hakuna habari. Ilikuwa mechi ya mwisho, timu anayoifundisha shemeji ilitaka sare tu ili isishuke daraja, na mpira ukampiga beki wake mkononi ndani ya boksi katika dakika za nyongeza. Nikapuliza filimbi, wakafungwa, wakashuka. Jioni ulinipigia ukaniambia nina macho ya kuona mkono wa mtu lakini sina macho ya kuona matumbo ya wanao, kwa kuwa wenye timu walikuwa wameshamwambia shemeji atafute kazi nyingine. Nikakujibu kwamba sheria ni sheria. Ukakata simu. Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu siku ile. Si maneno ya kumwambia mtu aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea.

Mashabiki walinitukana uwanjani, hilo nimelizoea, refa asiyetukanwa hajachezesha. Lakini safari hii matusi yalinifuata mpaka nyumbani. Mtu alipiga picha mlango wangu, picha ikazunguka kwenye simu za watu, na anwani chini yake.

Wa kwanza kuja walikuwa zimamoto. Nilikuwa napiga pasi, nikasikia king'ora, nikamhurumia mwenye msiba wake, nikaendelea na kola. Kumbe mwenyewe ndiye mimi. Mlango uling'oka na bawaba zake, na kabla sijafungua kinywa godoro lilikuwa limelowa chapachapa. Mtu alikuwa amepiga namba ya dharura akasema kuna watoto wamenasa ndani na moshi umejaa. Moto pekee uliokuwamo humo ulikuwa wa pasi. Wale vijana waliniomba radhi, nami nikawaomba radhi wao, tukabaki tunaombana radhi juu ya maji.

Halafu likaja gari la wagonjwa kumchukua mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Nesi akaingia na mkoba wa kuzalishia, akanikuta na ndevu zangu, akauliza mzazi yuko wapi. Nikamwambia labda ni mimi, kitambi ninacho. Alicheka mpaka akakaa kitandani. Ni mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na tangu siku ile kila alipoletwa kwangu bure hakuondoka bila kunipima presha. Alisema mafuta ya gari yameshaungua, basi angalau warudi na namba. Nikamuuliza kwa nini wanaendelea kuja ilhali wanajua ni uongo. Akajibu kwamba siku atakayoamua kutokuja ndiyo siku nitakayokuwa nakufa kweli. Huyo, dada, ndiye mhudumu unayetaka afukuzwe.

Polisi hawakuja kwa kucheka. Waliambiwa nimemfungia mwanamke chumbani na nina bunduki. Nilitolewa nje na kaptula, nikalazwa kifudifudi uani, shavu kwenye simenti, na mtutu ulikuwa karibu na sikio kiasi cha kusikia harufu ya mafuta yake. Niliiomba mikono yangu itulie, maana nilijua ikitikisika tu nimekwisha. Jirani zangu wote walikuwa madirishani. Walipoona chumba kitupu wakaniinua, mmoja akanipangusa vumbi begani kama mtoto. Nilipoingia ndani nilitafuta shati.

Baada ya hapo watu walianza kunikwepa taratibu. Mama wa chumba cha pili aliwahamishia wanawe kwa bibi yao, na simlaumu, walikuwa wanajificha chini ya kitanda kila pikipiki ikipita. Kinyozi wa nje alisogeza kiti chake upande wa pili wa barabara. Mwenye nyumba aliniambia kwa upole kwamba hanifukuzi, ila tu kama nina pa kwenda, asingeumia. Kwenye bomba la maji mazungumzo yalikatika nikifika. Walisema lisemwalo lipo, na mtu hawezi kuandamwa hivi bila neno. Chama cha marefa nacho kikaniambia nipumzike kidogo. Filimbi ikabaki imetundikwa msumarini, nami nikabaki naitazama.

Nikajifunza kuishi kwa tahadhari. Mlango siufungi tena kwa ufunguo, ili wakija wausukume tu, wasiuvunje. Nyumbani navaa shati safi muda wote, maana sijui nitalazwa chini mbele ya nani. Kisu cha jikoni nikishakitumia nakirudisha kabatini haraka. Nimekuwa mtu anayekaa kwake akingoja wageni, na wageni wenyewe ni hao tu. Nisikufiche, ilifika wakati nikawa nasikia king'ora mbali na moyo wangu unasema, afadhali, labda leo nitaongea na mtu.

Mpelelezi aliyeshika kesi ni mwanamke mpole. Aliniambia simu za namna hii zimekuwa nyingi. Wanafanyiwa walimu, watangazaji, mpaka muuza dawa aliyekataa kumuuzia mtu dawa bila cheti. Wapigaji wako miji ya mbali, wengi hawajawahi kumwona wanayemsumbua, wanapeana anwani yake kama watu wanavyopeana kichekesho, kisha wanakaa kusikiliza kitakachotokea. Akaniuliza kama namshuku mtu wa karibu, akamtaja kocha wa timu iliyoshuka daraja. Nikamwambia huyo ni shemeji yangu, na akikasirika huja mwenyewe na fimbo, hatumi zimamoto. Hivyo ndivyo nilivyosema. Lakini kwa kuwa leo nasema yote, jua kwamba nilipolala kwenye lile godoro bichi nilimfikiria. Namwomba msamaha kwa hilo.

Sasa nimefika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, nimekaa kizingitini namenya viazi. Mtu alikuwa amepiga simu akilia, akijifanya jirani, akasema refa amekutwa amekufa kitandani. Kwenye ofisi ya magari ya wagonjwa walikuwa na jina lako tangu nilipoteguka kifundo cha mguu uwanjani, nami nikakuandikisha kuwa ndugu wa karibu. Karani mgeni, kwa haraka yake, hakungoja gari lifike. Akakupigia akakupa pole.

Nesi aliposhuka akanikuta na viazi vyangu, akashusha pumzi, akaniambia marehemu anamenya vizuri. Simu yake ikaita papo hapo. Ofisi ilikuwa imekuunganisha naye, kwa sababu ulikuwa umeng'ang'ania kuzungumza na mtu aliyesimama karibu na maiti. Alipotambua ni nani akanyoosha mkono akanipa simu, akasema ni dada yangu, niongee naye haraka nimtoe presha. Kisha akarudi garini kuwaambia wenzake kwamba ni uongo mwingine.

Niliiweka simu sikioni. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, dada, ni mimi. Lakini wewe ulikuwa umeshaanza kusema.

Ulisema kwa sauti ile ya darasani, wasimlaze mdogo wako pamoja na watu wasio na majina. Ulisema nina kovu kidevuni, nililipata nilipoanguka kwenye mpera, walitazame ili wasije wakanikosea. Ulisema unakuja na basi la kwanza, mtu asifanye lolote mpaka ufike. Hapo ukaanza kulia. Nikasikia unatafuta pumzi. Ukasema kwamba mtu huyu tangu mtoto hawezi giza, mlikuwa mnamwita Kibatari kwa sababu hakulala bila kibatari kuwaka, na ingawa amekuwa mtu mzima na ndevu zake unajua hajabadilika. Basi huko watakakompeleka, kama kuna taa, msimzimie. Ukarudia, msimzimie taa, tafadhali. Ukauliza, mmesikia?

Nilisikia, dada. Aliyekaa kimya si nesi. Ni mimi.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu halinipendezi. Miezi yote hiyo hakuna aliyesema neno jema juu yangu, na la kwanza lilikuja nikiwa nimekufa. Nilijua nikitamka tu jina lako utaacha kulia na utaanza kukasirika, nami nitarudi kuwa refa. Nilitaka kubaki Kibatari kidogo tu. Ukaita haloo, haloo, ukauliza mbona hamna utu, na mimi nimeibana simu kwa mikono miwili machozi yananitoka juu ya viazi. Kisha ikakatika.

Nesi aliporudi akauliza kama nimekwambia. Nikamwambia ndiyo.

Nilipokupigia kwa simu yangu, yako ilikuwa inatumika, na nikajua inatumika kwa ajili gani. Nilijaribu tena na tena mpaka nikaona aibu, nikaiweka chini. Ulikaa na kifo changu mchana mzima. Shangazi anasema ulikwenda stendi na viatu visivyofanana, na kwamba ofisi ilipokupigia jioni kuomba radhi ulikuwa umeshakaa ndani ya basi. Uliteremka, ukarudi nyumbani. Wale wapigaji walikudanganya bila kukujua. Mimi nakujua.

Juzi nesi alikuja kwangu bila sare na bila gari. Alikuwa amesimamishwa kazi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kweli siku ile nilizungumza nawe, kwa sababu ameulizwa na hana la kujibu. Nikamwambia ukweli. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaomba mkono wangu, akaupima mapigo kwa vidole, akaenda zake. Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini kwao nikaeleza kama ninavyokueleza hapa. Wamesema wamenisikia, lakini malalamiko ni yako, na bila neno lako hawawezi kumrudisha. Nakuomba uwaandikie. Hasira yako yote ilete huku inakostahili, mama wa watu mwachie kazi yake.

Penalti siifuti, dada. Mkono ulikuwa mkono, na hata ungekuwa wa kwangu ningepuliza. Lakini jibu lile nililokupa jioni ile nalifuta, na kimya kile nakifuta kama kinafutika. Ukitaka kuja kunifokea, njoo. Huna haja ya kubisha hodi, mlango nimekwambia siufungi. Na ukija usivae viatu vya haraka.

Nisalimie wapwa zangu, umwambie mdogo kwamba mjomba anamngoja aje amuonyeshe hayo meno. Nisalimie shangazi, na asijilaumu kwa kuniletea habari. Shemeji mpe salamu zangu, na msomee sehemu inayomhusu, hata kama atacheka. Hapa nilipo jua limekwisha kuzama, jirani wameshafunga madirisha. Nitaikunja barua hii niiweke chini ya mto mpaka kesho posta ifunguliwe, kisha nitalala.

Taa nimeiacha inawaka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye yu hai,

Kibatari