Moshi katika gari ya baba Riziki

Jumamosi, Baraka

Leo nimeshinda, lakini nimeshinda vibaya.

Tangu baba Riziki, mume wangu, anunue ile gari ya zamani, anasema moshi unaoingia ndani ni "harufu yake tu." Anafungua madirisha, na moshi unazidi. Nikisema mimi, hasikii. Basi asubuhi nikamkaribisha mama yake kwenye kiti cha nyuma, twende naye sokoni. Ni karibu, nilijituliza hivyo.

Tulipofika, mama mukwe akashuka ameshika kichwa, akamgeukia mwanawe kwenye usukani. "Mutoto yangu, unataka kunikausha kama samaki ndakala?"

Bamama wa sokoni wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Moshi ule unaweza kuua mtu, wenzake wakidhani amesinzia tu, na aliyempandisha yule mzee ni mimi.

Mchana kutwa baba Riziki alikuwa chini ya gari. Bomba la moshi limetoboka, na mpira wa mlango wa nyuma umekwisha kabisa. Akaita fundi wa kuchomelea, kisha wakaweka mpira mpya. Jioni tukaizungusha gari madirisha yamefungwa. Hakuna harufu.

"Niliona mi mwenyewe," akajisifu.

"We ni fundi, baba Riziki," nikamjibu.

Nilipompelekea mama mukwe chai, nikamuomba msamaha na kumuuliza kichwa kinaendeleaje. Kwanza akachungulia mlangoni.

"Haikuniuma hata kidogo," akanong'ona. "Ni makelele yenu ya kila siku juu ya ule moshi ndiyo inaniumaka."