Siku Mbili za Benedita mjini Porto

Mdogo wangu Anselmo,

Mwanao Benedita ameondoka asubuhi hii kwa treni kwenda kupanda meli ya kurudi huko kisiwani kwenu, mzima na ameshiba. Kwa siku mbili amenimalizia jibini, amepanda mnara wa kanisa la Clérigos mpaka juu, na amecheza dansi sokoni na Custódia, yule muuza samaki mwenye mdomo.

"Binti wa kisiwani ana miguu," Custódia akasema. "Si kama baba yake, aliyenikanyaga kwenye harusi yake mwenyewe."

Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Jana mchana nilitaka twende mtoni tukale dagaa wa kuchoma. Akanishika mkono. "Shangazi, kwanza nipeleke kwa mama."

Anselmo, miaka yote hii hujamwambia mtoto hata mahali mama yake Leonor alipozikwa. Sikulaumu. Nakumbuka ulivyoondoka hapa siku ya mazishi, umemkumbatia mtoto, hata chakula hukugusa. Lakini nilimpeleka.

Nilidhani atalia. Alikaa ukingoni mwa kaburi, akavua viatu, akaanza kumpa mama yake habari zako: kwamba umenenepa, kwamba unaimba ukipika ingawa sauti huna, kwamba ng'ombe wako wote umewapa majina ya watakatifu. Mimi nilicheka huku najifuta machozi.

Tulipoinuka, akaligusa jiwe la kaburi. "Mama, Pasaka nakuletea Baba."

Nimeshakutandikia kitanda. Ukimfanya mtoto awe mwongo mbele ya mama yake, hilo utamjibu Leonor wewe mwenyewe.

Dada yako akupendaye,
Felismina