Jina Kwenye Kona ya Mchoro

Keza mjukuu wangu,

Huku Kibagabaga tuko salama. Mama yako amepona mafua na maparachichi yameanza kuiva. Umeniuliza mbona hujawahi kusikia habari za mwanamke msanifu majengo wa enzi zetu. Alikuwepo Madamu Verediana, mwalimu wangu wa kuchora.

Shule uliyoanzia darasa la kwanza ni kazi yake. Kabla ya kuichora, alipanda ule mtelemko kwa magoti ili azione ngazi kama mtoto atakavyoziona. Ndiyo maana zile ngazi ni fupi.

Mchoro niliunakili mimi kwa wino. Mkuu wa ofisi yetu ya usanifu akaniambia kwenye kona, mahali pa jina la msanifu, niandike lake yeye, si la Madamu. Nikaandika. Madamu alipouona, akasema, "Mwandiko wako sasa umenyooka."

Alikwisha fariki. Juzi nilipita shuleni, nikakuta mchoro umewekwa kwenye fremu ukutani. Mwalimu mkuu aliusifia ule mwandiko wa konani, akauliza kama namjua aliyeuandika.

Nikamwambia simjui.

Bibi yako